Dropu D, kushusha zote, BEAD au tano-tano? Kuchagua tyuni ya besi ya nyuzi nne

Mpiga besi huanza kuwaza kubadilisha tyuni, yaani noti ambazo nyuzi zake zimefungiwa, siku anapokutana na wimbo unaodai noti ambayo gitaa lake halina. Uzi mnene unaishia E, wimbo unataka D. Hapo ushauri unamiminika: mmoja anasema shusha uzi mmoja tu, mwingine anasema shusha zote, wa tatu anakwambia uondoe uzi wa G na uweke B upande wa pili. Wote wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake. Anayekosa noti moja katika wimbo mmoja hana shida sawa na yule ambaye bendi yake nzima hupiga chini, wala na yule anayetaka kupiga solo juu kabisa ya shingo.

Tutakuwa na njia tano, zote kwenye besi ileile ya umeme ya nyuzi nne. Msingi wa kulinganishia ni tyuni ya kawaida, E A D G, ambayo besi ya umeme iliirithi kutoka kwa besi kubwa ya kusimama, na ambayo imekuwa kanuni tangu kampuni ya Fender ilipotoa Precision Bass mwaka 1951. Kila uzi uko juu ya mwenzake kwa nusu toni tano; nusu toni ni hatua ya freti moja, vile vyuma vinavyokata shingo. Urefu wa uzi unaotetema kwenye besi nyingi ni inchi 34, yaani takriban sentimita 86. Takwimu zote hapa chini zinachukulia urefu huo.

Vipimo

Cha kwanza ni noti: unaongeza zipi, unapoteza zipi. Watu huangalia upande wa chini tu, wakasahau kwamba besi ya nyuzi nne ina nafasi nne, na ukiongeza chini mara nyingi umekata juu.

Cha pili ni mvutano wa uzi, na hiki ndicho kinachofanya tyuni iliyoonekana nzuri kwenye karatasi iwe mbaya mkononi. Kwenye besi ya kawaida kila uzi huvutwa kwa nguvu ya takriban kilo 18 hadi 23, kutegemea unene na aina. Ukishusha noti, mvutano haupungui kwa kiasi kilekile. Hupungua kwa mraba wa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Shusha nusu toni, unapoteza kama asilimia 11. Shusha toni nzima, asilimia 21. Uchukue uzi wa E uleule ukaushusha hadi B, umepoteza asilimia 44, na kilichobaki kinaning'inia tu. Uzi uliolegea hupiga freti, hutoa noti inayoyumba, na kidole kikiubonyeza kwa nguvu kidogo tu unapanda. Dawa yake ni uzi mnene zaidi, na uzi mnene una madai yake kwenye gitaa, kama tutakavyoona.

Cha tatu ni vidole. Miaka uliyopiga imekujengea ramani: oktavu (noti ileile, juu zaidi) iko nyuzi mbili juu na freti mbili mbele, noti ya tano iko uzi mmoja juu na freti mbili mbele. Je, tyuni mpya inaacha ramani hiyo ilivyo, inaichana kipande, au inaifuta yote?

Cha nne ni kurudi. Katikati ya onyesho, kati ya wimbo na wimbo, unaweza kurejea tyuni ya kawaida? Kama huwezi, unahitaji gitaa la pili, na hilo ni gharama kubwa kuliko tyuni yenyewe.

Cha tano ni sauti ndani ya bendi. Noti ya chini unayoisikia ukiwa peke yako chumbani si lazima isikike ngoma ya mguu na gitaa la ridhimu vikianza.

Kwa mwenye haraka, picha ya jumla ni hii, nyuzi zikitajwa kuanzia nene, na ♭ ikimaanisha noti iliyoshushwa nusu toni:

| Tyuni | Nyuzi | Noti ya chini kabisa | Nyuzi ulizonazo zinatosha? |
|---|---|---|---|
| Kawaida | E A D G | 41.2 Hz | Ndiyo |
| Dropu D | D A D G | 36.7 Hz | Kwa kawaida ndiyo |
| Zote nusu toni chini | E♭ A♭ D♭ G♭ | 38.9 Hz | Ndiyo |
| Zote toni nzima chini | D G C F | 36.7 Hz | Afadhali nene kidogo |
| BEAD | B E A D | 30.9 Hz | Hapana |
| Tano-tano | C G D A | 32.7 Hz | Hapana |
| Tena (tenor) | A D G C | 55 Hz | Hapana |

Dropu D

*Noti.* Unashusha uzi wa E peke yake hadi D. Nyingine tatu haziguswi. Umepata noti mbili, D na E♭, na hujapoteza hata moja upande wa juu. Kuna zawadi nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa tayari wamebadilisha: uzi mnene na uzi wa tatu sasa ni oktavu kwenye freti ileile, na uzi mnene na ule wa A ni noti ya tano kwenye freti ileile. Kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi mbili kinatoa ule mngurumo wa noti ya msingi na ya tano unaoendesha muziki wa roki nzito. Justin Chancellor, mpiga besi wa bendi ya Tool, amejenga sehemu kubwa ya upigaji wake juu ya uzi huo wa D.

*Uzi na gitaa.* Asilimia 21 ya mvutano imeondoka kwenye uzi mmoja. Kama seti yako ina uzi mnene wa inchi 0.105, utavumilika vizuri. Kama ni 0.100 au mwembamba zaidi na mkono wako ni mzito, utasikia noti ikianza juu kidogo kisha ikitua mahali pake. Usityuni kwa kugusa polepole basi. Piga kwa nguvu ileile utakayotumia katika wimbo. Njia ya haraka bila kifaa: toa hamoniki ya freti ya 12 kwenye uzi mnene (uguse tu, usiubonyeze), ulinganishe na uzi wa tatu ukiwa wazi. Zote ni D ileile, na mawimbi ya mgongano yakitulia umefika. Halafu angalia tena nyuzi tatu nyingine, kwa sababu shingo ikipunguziwa mzigo hujinyoosha kidogo na nyuzi hizo hupanda kidogo.

*Vidole.* Hapa ndipo dropu D inapodharauliwa. Ramani haikufutwa, imechanwa. Kwenye nyuzi tatu kila kitu kiko palepale, ila kwenye uzi mnene kila noti imesogea freti mbili mbele: G uliyoizoea freti ya 3 iko ya 5, A iko ya 7. Ukipiga wimbo uliosimama juu ya D, hutasikia shida. Ukipiga mstari unaotembea kutoka uzi mnene kwenda wa A na kurudi, tena kwa kasi, kila mara unavuka mpaka wa ramani mbili. Nyuzi zinazopishana kwa umbali sawa kote zina faida kubwa ambayo hatuioni mpaka tuipoteze: umbo moja linafaa popote. Dropu D ndiyo pekee kati ya tano hizi inayoivunja faida hiyo. Tena E wazi, noti ambayo wapiga besi huiegemea kuliko zote, sasa ni freti ya 2 na inakula kidole.

*Kurudi.* Hakuna rahisi kuliko hii. Kifungo kimoja cha kichwani, sekunde chache. Kampuni ya Hipshot hutengeneza kifungo chenye mkono mdogo: ukiusukuma uzi unashuka hadi D, ukiurudisha unapanda hadi E, hata wimbo ukiendelea.

*Ndani ya bendi.* D ya 36.7 Hz haiko mbali na E, kwa hiyo amplifaya iliyobeba E itaibeba bila malalamiko.

*Humfaa* mwenye nyimbo chache zinazotaka D, na hasa zile zilizo katika ufunguo wa D kwelikweli. Kwa anayetaka noti ya chini mara moja katika wimbo mzima, na mstari wake unatembea sana, pengine ni afadhali kuipiga D hiyo oktavu moja juu na kuacha tyuni ilivyo.

Kushusha nyuzi zote

*Noti.* Ukishusha zote nusu toni unaongeza E♭ chini na kupoteza noti moja juu kabisa, ambayo wengi hata hawaigusi. Ukishusha toni nzima unapata D na E♭, unapoteza mbili juu. Lakini watu wengi hawashushi kwa ajili ya noti. Wanashusha kwa ajili ya mwimbaji, ambaye koo lake linapumzika nusu toni, na kwa ajili ya gitaa la solo, ambalo nyuzi zake zinalainika kwa kuvutwa. Wapiga gitaa Jimi Hendrix na Stevie Ray Vaughan walipiga hivyo, na wapiga besi wao wakawafuata. Bendi ya Black Sabbath katika rekodi zao za 1971 walikwenda mbali zaidi, toni moja na nusu chini, kwa sababu mpiga gitaa wao Tony Iommi alikuwa amepoteza ncha za vidole viwili na nyuzi zilizolegea zilimrahisishia kazi. Besi ya Geezer Butler ilishuka naye.

*Uzi na gitaa.* Kwa nusu toni huhitaji kubadilisha kitu. Kinachopungua ni asilimia 11 na wengine wanaupenda ulaini huo. Kwa toni nzima, nyuzi zote nne zikipoteza asilimia 21 kwa pamoja, shingo inanyooka zaidi ya inavyotakiwa na freti za karibu na kichwa zinaanza kukwaruza. Ama ulegeze kidogo kile chuma cha ndani ya shingo, ama uweke seti inayoanzia 0.110 au 0.115, na mvutano unarudi karibu na ulivyokuwa. Ukishabadilisha, pima upya usahihi wa noti pale kwenye daraja, nyuzi zinapokalia mwili wa gitaa: hamoniki ya freti ya 12 na noti inayobonyezwa hapohapo zinapaswa kulingana.

*Vidole.* Hakuna cha kujifunza. Kila umbo, kila zoezi, kila mstari unabaki. Tatizo liko kichwani, si mkononi: unabonyeza E, inatoka E♭. Bendi nzima ikishuka pamoja, mnaendelea kuiita E na hakuna anayejali. Lakini kama kuna kinanda na matarumbeta ambayo hayakushuka, kila wanapotaja noti wewe unatafsiri. Mwenye kusoma karatasi za muziki ataumia zaidi, kwa kuwa kila alama aliyoizoea sasa inadanganya kwa nusu toni.

*Kurudi.* Nyuzi nne kupanda na kushuka katikati ya onyesho ni uchovu, na hazitulii mara moja. Shingo inahitaji muda kupokea mzigo mpya. Chagua tyuni moja kwa onyesho zima, au uje na gitaa la pili.

*Ndani ya bendi.* Sauti inakuwa nzito na nyeusi kidogo, hasa toni nzima chini. Ukibaki na nyuzi nyembamba utapoteza ukali wa mwanzo wa noti, ule mgongo unaomfanya msikilizaji ajue besi imeingia.

*Humfaa* aliye katika bendi ambayo yote imeshuka, na mwenye kupiga rekodi ambazo zilipigwa hivyo tangu awali. Kupiga wimbo wa E♭ kwa tyuni ya kawaida inawezekana, lakini ile noti ya chini wazi hutaipata na mstari utakuwa na umbo lingine.

BEAD

Hii ni besi ya nyuzi tano iliyokatwa uzi wa juu.

*Noti.* Umeongeza noti tano chini, kuanzia B ya takriban 31 Hz hadi E♭. Umepoteza tano juu: kwenye shingo ya freti 20, badala ya kufika E♭ unaishia B♭. Kwa anayekaa kwenye freti saba za kwanza usiku kucha, hasara hiyo ni ya karatasi. Kwa anayependa kujibu gitaa la solo kwenye freti ya 14, ni hasara ya kweli.

*Uzi na gitaa.* Hapa ndipo kazi ilipo, na sitaipitia haraka, maana ndipo watu wanapokwama. Uzi wa B unaoweza kufanya kazi kwenye inchi 34 ni wa unene kama 0.130. Unaweza kununua seti ya nyuzi tano ukaweka G pembeni. Uzi huo wa 0.130 utakutana na vizuizi vitatu. Cha kwanza ni tundu au mwanya wa kifungo cha kichwani, ambao huenda usiuruhusu kupita. Ndiyo maana kuna nyuzi zilizopunguzwa unene mwishoni. Cha pili ni nati, kile kijiti chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa: mfereji uliochongwa kwa uzi wa E hautaumeza B, utaukalisha juu, na noti za freti za kwanza zitatoka zimepanda. Lazima uchongwe. Na ukishauchonga, siku ukirudisha uzi wa E utakuwa unacheza ndani ya mfereji mpana. Nunua nati ya pili uichonge hiyo, na ile ya awali uihifadhi. Kizuizi cha tatu ni daraja: uzi mnene unataka kisogezo chake kirudi nyuma zaidi ili noti ziwe sahihi, na kwenye madaraja mengine nafasi inakwisha kabla hujafika.

Hata ukivishinda vyote, B kwenye inchi 34 ni laini kuliko nyuzi nyingine. Watengenezaji kadhaa wa besi za nyuzi tano wamekwenda inchi 35 kwa sababu hiyohiyo.

*Vidole.* Maumbo yote yanabaki, kwa kuwa nyuzi bado zinapishana nusu toni tano. Kinachobadilika ni anwani: uzi uliouita A sasa ni E. Ubongo huzoea haraka kuliko unavyodhani, lakini wiki za mwanzo utaanza nyimbo kwenye uzi usio wake. Faida iliyofichika ni kwamba E sasa inapatikana pia freti ya 5 ya uzi wa B, F iko ya 6, G ya 8. Mstari uliokuwa unakulazimisha kushuka hadi mwanzo wa shingo, penye freti pana, unaweza kuupiga katikati ambako mkono umetulia.

*Kurudi.* Hakuna kurudi onyesho likiwa linaendelea. Hili ni gitaa lililobadilishwa kazi.

*Ndani ya bendi.* Spika nyingi za besi hazitoi 31 Hz kwa nguvu ya maana. Unachokisikia kwa sehemu kubwa ni noti ya juu yake, 62 Hz, na sikio linajazia ile ya chini lenyewe; ndiyo maana B inasikika hata kwenye spika ndogo ambayo haiwezi kabisa kuitoa. Punguza noti nyingi za haraka huko chini. B mbili zilizokaribiana sana hugeuka mvumo, na ngoma ya mguu inazama humo.

*Humfaa* anayepiga muziki mzito wa chini kila siku, mwenye mkono mdogo au aliyezoea shingo nyembamba ya nyuzi nne na hataki upana wa nyuzi tano. Mwenye besi moja tu na aina nyingi za muziki afikirie mara mbili.

Tano-tano: C G D A

*Noti.* Nyuzi zinapishana nusu toni saba badala ya tano, kama fidla na selo. Kwa hakika hii ni selo iliyoshuka oktavu moja. Kutoka uzi mnene ulio wazi hadi mwembamba ulio wazi kuna nusu toni 21, wakati tyuni ya kawaida ina 15. Umeongeza noti nne chini na mbili juu kwa mpigo mmoja. Hakuna nyingine kati ya tano hizi inayopanua pande zote mbili. Red Mitchell, mpiga besi wa jazi, aliihamia kwenye besi yake ya kusimama mwaka 1966 na akabaki nayo.

*Uzi na gitaa.* D peke yake inabaki. E ikishuka hadi C inapoteza asilimia 37, A ikishuka hadi G inapoteza 21, na G ikipanda hadi A inaongezeka asilimia 26, kiasi cha kuhofia uzi na shingo. Kwa hiyo unajikusanyia nyuzi mojamoja: karibu 0.130 kwa C, 0.095 kwa G, 0.065 kwa D na 0.040 kwa A. Yale ya nati na daraja niliyoyasema kwenye BEAD yanahusu uzi wa C pia.

*Vidole.* Ramani imefutwa. Oktavu iko nyuzi mbili juu, lakini freti mbili *nyuma*. Noti ya tano iko freti ileile ya uzi wa jirani. Skeli kuu inagawanyika vizuri ajabu: noti nne kwenye uzi mmoja, noti nne kwenye wa pili, kwa umbo lilelile. Uzuri huo una bei ya mwili. Kutoka freti ya 1 hadi ya 4, upana ambao mkono wa mpiga besi hulalamikia tayari, ni kama sentimita 13. Skeli hii ukiianzia freti ya 1 inakupeleka hadi ya 6, kama sentimita 20. Hakuna mkono unaotanua hivyo kwa raha. Utajifunza kuhama, tena kuhama mara nyingi. Huko juu, kuanzia freti ya 7 au ya 8, mambo yanakuwa mepesi.

Vitabu vyako vya mazoezi na michoro ya freti iliyoandikwa kwa tyuni ya kawaida havitakusaidia tena. Upande wa pili, muziki wote wa selo unafunguka mbele yako.

*Kurudi.* Hakuna, na hata ukiwa na gitaa la pili, ubongo utakuwa na lugha mbili za kuzungumza usiku mmoja.

*Ndani ya bendi.* Noti mbili za tano zikipigwa pamoja hutoa sauti safi hata chini, safi kuliko zile za nne. Kwa anayepiga na kundi dogo lisilo na kinanda, hili lina thamani kubwa.

*Humfaa* aliyetoka kwenye fidla, selo au mandolini, mtunzi anayetafuta mistari ambayo vidole vyake havijaizoea, na mwenye subira ya miezi. Anayeanza besi leo akiwa na nia ya kujiunga na bendi yoyote itakayomwita asianzie hapa.

Tena (tenor): A D G C

*Noti.* Uzi wa E unaondolewa, C inaongezwa juu. Noti ya chini ni A ya 55 Hz. Mpiga besi Stanley Clarke ameifanya ijulikane, sambamba na besi yake nyingine inayopanda oktavu nzima.

*Uzi na gitaa.* Usijaribu kupandisha nyuzi zako. Kuvuta G hadi C ni kuongeza mvutano karibu asilimia 80. Chukua nyuzi nne za juu za seti ya besi ya nyuzi sita. Mifereji ya nati itakuwa mipana kwa nyuzi hizo, lakini hilo hutatuliwa kwa nati nyingine.

*Vidole.* Maumbo yaleyale, anwani zimehama. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na melodia hutoka zikisikika wazi, kwa kuwa noti haziko tena kwenye tope la chini.

*Kurudi* hakuna. *Ndani ya bendi* ndipo penye sharti: mtu mwingine lazima abebe chini, iwe kinanda au besi ya pili. *Humfaa* mpiga solo, na wapiga besi wawili wanaopiga pamoja.

Weka BEAD na tyuni ya tena pamoja, utaona zote ni vipande vya kitu kimoja: B E A D G C, besi ya nyuzi sita, ambayo mpiga besi Anthony Jackson aliomba atengenezewe na fundi Carl Thompson katikati ya miaka ya 1970. Anayejikuta anazitaka zote mbili hahitaji tyuni, anahitaji nyuzi. Ziko pia njia za ajabu zaidi: Mark Sandman wa bendi ya Morphine alipiga besi ya nyuzi mbili kwa kuteleza kwa kipande cha kioo au chuma, na Michael Manring ana besi yenye mikono ya kubadilisha tyuni katikati ya kipande. Hizo si za kuchagua kwa kulinganisha, zinamchagua mtu.

Kwa hali yako

Una nyimbo mbili tatu zinazotaka D, na gitaa ni moja: dropu D, na kama mnazipiga mara kwa mara, nunua kile kifungo chenye mkono. Zipange nyimbo hizo zifuatane ili usihangaike.

Nyimbo hizohizo zinataka C au B, lakini bado ni mbili tatu: piga noti hizo oktavu moja juu. Kuibadilisha besi nzima iwe BEAD kwa ajili ya nyimbo mbili hakulipi. Zikifika nusu ya onyesho, hapo ulizia besi ya nyuzi tano kwanza. Usipoipenda shingo yake pana, BEAD inakungoja.

Mwimbaji anaumia kila mkifika kiitikio, na mnaopiga nyuzi ni wengi: shusheni zote nusu toni kwa pamoja, na mpiga kinanda abonyeze kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kama matarumbeta yapo, ni rahisi zaidi kubadilisha ufunguo wa wimbo kuliko kubadilisha magitaa.

Unarekodi nyumbani peke yako na hakuna onyesho lolote mbele: hapa kigezo cha kurudi hakina uzito, na BEAD au tano-tano zinakuwa rahisi kuzijaribu. Sikiliza matokeo kwenye spika kubwa na ndogo kabla ya kuamua, kwa maana headifoni hutoa chini ambayo msikilizaji wako huenda hana.

Mikono yako inauma au ni midogo: epuka tano-tano kwenye inchi 34. Kushusha zote nusu toni kunalainisha nyuzi bila kukuondolea kitu cha maana, na besi ya inchi 30 huenda ikakusaidia kuliko tyuni yoyote, ingawa uzi wa B juu yake utalegea mno.

Bado unajifunza majina ya noti kwenye shingo: baki na E A D G mpaka uweze kutaja noti ya freti yoyote bila kuhesabu. Dropu D kwa wimbo mmoja haitakuharibu. Tyuni tatu zinazobadilika kila wiki zitakuchelewesha.

Hujui unataka nini, ila umechoka na mistari yako mwenyewe: anza na isiyo na gharama. Shusha uzi wa E hadi D jioni moja, acha hivyo kwa wiki, na uangalie kama mkono unaenda kuitafuta ile D au unaikwepa. Ukiikwepa, tatizo halikuwa chini. Jaribu basi kupiga kuanzia freti ya 9 kwenda juu kwenye tyuni ya kawaida, na ukiona unakosa nafasi huko, seti ya A D G C ndiyo ya kuulizia.